Ita Ndai kwa Jina Lake: Vile Msee Anasaka Info Bila Kuingizwa Mtaro

Hakuna kitu inauma msee wa ndai ka kuchomoa doh ya spea, fundi anafunga, unawasha moti, alafu shida ni ile ile. Mara mob lawama inaendea fundi, ama inaendea duka la Kirinyaga Road, ile base sote tunaita Grogan. Lakini ukifuatilia vizuri unapata info ndio ilikuwa ya ndai ingine. Mse aliingia Google, akaandika "Honda Fit gearbox problem", majibu yakamwagika, akashika ya kwanza yenye ilikaa poa. Jibu lenyewe lilikuwa la ukweli. Shida ni halikuwa lake.

Acha nikae hapo kwa Fit kidogo, juu inabeba hii story yote.

Fit haibridi zenye utakutana nazo Nai ni za vizazi tofauti. Kuna GP1, hiyo inatumia mfumo wa IMA na gia ya CVT. Alafu kuna GP5, yenye Honda walizindua Japani Septemba 2013. GP5 iko na mfumo unaitwa i-DCD: gia saba, klachi mbili, na mota ya stima imekaa ndani ya giaboksi yenyewe. Kwa boneti zote ni Honda, kwa mdomo zote ni "Fit haibridi", lakini giaboksi ya hii haijuani na ya ile. Na GP5 iko na historia yake. Kufikia Oktoba 2014 Honda walikuwa wameipiga rikoli mara tano, yaani kampuni inaita ndai zirudi zirekebishwe bure, na kadhaa kati ya hizo zilikuwa za programu yenye inaendesha hiyo giaboksi. So GP5 ikianza kusita ukitoka kwa roundabout, maswali ya kwanza ya maana ni mawili: programu iliwahi kubadilishwa? Na klachi ziko aje? Mse mwenye alisoma story za CVT atamwaga oili, ataweka ingine, na atarudi Thika Road akisita vile vile.

Sasa cheki Marekani. Fit ya huko ya hiyo miaka ni GK5, petroli tupu. Fit haibridi haikuuzwa huko. Na Wamarekani ndio wameandika mob kushinda watu wote, so ukisaka kiholela ukurasa wote unajaa maneno ya GK5. Lakini ukiandika "GP5 i-DCD", ama "RU3" yenye ni Vezel haibridi na inabeba mfumo huo huo, ama uongeze neno Malaysia, penye hiyo ndai iliuzwa kwa jina la Jazz kuanzia 2017, ghafla unaanza kuona wasee wenye wana shida yako kabisa. Hujabadilisha kitu mob. Umeita ndai kwa jina lake.

Kila ndai ya Japani iko na jina la mtaa na jina la chuma. Jina la mtaa ni Fielder, Forester, Mark X, Demio. Kusaka na hilo peke yake ni ka kusimama katikati ya Umoja upige nduru "Brayo!" Watageuka wengi, na hakuna mwenye ulikuwa unamtaka. Jina la chuma limegongwa kwa chasisi, liko kwa kibati ndani ya boneti ama kwa nguzo ya mlango, na liko kwa logbuku. Usisumbuke kutafuta ile VIN ya herufi na namba 17 ka za Ulaya na Marekani, juu ndai yenye ilitengenezewa soko la Japani haina. Yako ni fupi: NZE141, kistari, alafu namba saba. Ndio maana ukiweka chasisi yako kwa zile tovuti za kusoma VIN zinakukataa. Usipanic, ndai si ya magendo, tovuti ndio haikutengenezewa ndai ka yako.

Na hayo mafupi yanabonga. Chukua Fielder. NZE141: hapo NZ ni familia ya injini, E inasimamia Corolla, 14 ni kizazi. Ile 1 ya mwisho inakuambia inavuta na magurudumu ya mbele, na ukiona NZE144, hiyo inavuta yote manne. ZRE142 inakaa vile vile kwa macho, lakini chini ya boneti iko na 1800. NZE161 ndio ile umbo mpya ya kuanzia 2012, na NKE165 ni haibridi. Fielder tano, na kuna bushi, pampu na filta zenye haziingiliani. Mse akikuuliza kwa grupu "spea ya Fielder ni ngapi", hajakuuliza kitu bado.

Jina la injini ni muhimu hata kushinda la bodi, na hapa wasee wa Subaru ndio wanateseka sana. Kila kijana mwenye anataka Forester ameambiwa itakula gasketi ya hedi. Hiyo story imetoka wapi? Imetoka Marekani, na ni ya ukweli huko, juu Forester na Outback mob za hapo mwanzo wa miaka ya 2000 ziliuzwa na EJ25, ile ya 2500 bila tabo, na hiyo injini ilijulikana kwa kuvujisha pale kwa hedi. Forester SG5 yenye imetoka Japani ikafika Mombasa bandarini iko na EJ20, ya 2000. Si ati EJ20 haifi. Inakufa vizuri tu ukilenga mkanda wa taiming, ama ukiiendesha ikichemsha. Lakini ukianza kufungua hedi juu ya maneno yaliandikwa na mse wa Colorado kuhusu EJ25, umetibu ugonjwa wa jirani. Ukisaka, andika "EJ20" ndani ya alama za kufunga na kufungua semi, alafu weka "-EJ25", ile kistari ya kutoa, Google ikuondolee hizo kelele.

Jina la injini pia linakufungulia mlango wenye wasee wachache wanaujua. Mark X haikuuzwa Marekani hata siku moja. Ukisaka "Mark X shaking when cold" unapata vitu kidogo, nyingi za kuuza ndai. Lakini GRX120, ile ya 2500 yenye ilianza kutoka mwisho wa 2004, inabeba injini ya 4GR-FSE. Na hiyo 4GR-FSE ndio iko kwa Lexus IS250, yenye Wamarekani walinunua kwa wingi kuanzia modeli ya 2006. Sasa andika "IS250 4GR-FSE rough idle" ukae chini na chai. Miaka na miaka ya kazi ya watu iko hapo: kaboni inajikusanya kwa valvu za kuingiza hewa, injini inatetemeka ikiwa baridi, nguvu inapungua, taa ya injini inawaka. Kisa kinaeleweka: petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, so haipiti juu ya valvu kuziosha, na mvuke wa oili unakauka hapo juu kidogo kidogo. Ukielewa kisa, unaelewa pia kwa nini ile dawa ya kumwaga kwa tanki la mafuta haiwezi kufikia hiyo kaboni, hata chupa iandikwe nini. Na unaelewa kwa nini GRX133 ya 3500 si kesi sawa, juu 2GR-FSE iko na injekta za ndani na zingine za kabla ya valvu.

Hiyo njia ya ndugu inafanya kazi kwa ndai mob. Vitz ni Yaris ukienda Ulaya. Demio ni Mazda2, Axela ni Mazda3, Atenza ni Mazda6. Dualis ni Qashqai. X-Trail T32 Marekani inaitwa Rogue. RVR ni ASX. Passo na Daihatsu Boon ni kitu moja. Harrier za kwanza mbili ni Lexus RX. Hilo jina la pili ukishalijua, lichore kwa simu, utalitumia maisha yote ya hiyo ndai.

Alafu kuna kueleza shida yenyewe. Mtaani tunasema ndai "inamisi", "inakohoa", "inavuta", "inachemsha", "inagonga huko chini". Fundi wako anaelewa. Mashine haielewi. Kabla uandike kitu, jiulize maswali yenye fundi mnoma angekuuliza: inafanya ikiwa baridi ama ikishika moto? Ikiwa imesimama ama ikitembea? Ukipanda mlima, ukishuka, ukikata kona, ukigusa breki? Ukiwasha AC inazidi? Ilianza ghafla ama pole pole? Ilianza baada ya kufanyiwa nini? Hilo swali la mwisho linasahaulika na ndio linatoboaga kesi mob. Mtetemo wenye ulianza siku moja baada ya kubadilisha plagi unatuma macho kwa plagi na koili kwanza, kabla mtu ataje mauntini za injini.

Ukishapata hizo, zigeuze kwa maneno ya manyuali. Kutetemeka ikiwa imesimama ni "rough idle". Kusita ukikanyaga ni "hesitation" ama "judder". Kugonga ukipita matuta ni "clunk over bumps". Ongeza "cold start" ama "when warm". Maneno matatu manne yanatosha. Ukiandika sentensi nzima ka unaandikia odijo barua, inachanganyikiwa.

Taa ya injini ikiwaka, usisake "check engine light Toyota". Hiyo haina mwisho. Tafuta kale kadude kadogo kanaingia kwa soketi ya chini ya usukani, ka ELM327 kenye kanaongea na simu kwa Bluetooth, ama omba fundi apige mashine, alafu chukua namba. P ni ya injini na gia, C ni chasisi, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta za ndani. Sifuri ikifuata hiyo herufi, maana ya namba ni moja kwa kampuni karibu zote, na ikiwa 1, mara mob ni ya kampuni yenyewe na lazima usake na jina la kampuni.

Lakini hapo pia wasee wanalishwa vitu. P0420 inaambia watu wabadilishe cat, ile chujio ya moshi kwa ekzosi. Namba haisemi hivyo. Namba inasema sensa ya nyuma ya cat inaona kazi haifanyiki vile inafaa. Inaweza kuwa cat imechapa, inaweza kuwa ekzosi inavuja kabla ya sensa, inaweza kuwa injini inamisi na kuipikia cat mafuta mabichi, inaweza kuwa sensa yenyewe. Na kwa Nairobi ongeza moja: inaweza kuwa cat ilitolewa na mtu zamani, juu ndani iko na platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna soko. Soma namba ka ushahidi. Hukumu inakuja baadaye.

Sasa umesaka, majibu yamekuja. Hapa ndio mjanja anajulikana.

Mimi naheshimu mse mwenye anaandika kilometa kuliko mse mwenye anaandika insha. Jibu lenye thamani linakuanga na vitu fulani: ndai gani kwa jina la chuma, imetembea ngapi, shida ilikuwa gani, alijaribu nini kwanza kikakataa, mwishowe ilikuwa nini, na alirudi baada ya miezi akasema bado iko fiti. Huyo amemaliza kazi. Wengi wa wengine hawajamaliza. Kuna wa "yangu pia inafanya hivyo", kuna wa "jaribu kubadilisha MAF" (ile sensa ya hewa), kuna wa "hizo ndai ni takataka, nunua ingine". Utasoma kurasa kumi za hao bila kupata fundi hata mmoja aliyefunga bolti. Njia ya kuwaruka ni kuongeza maneno yenye mtu aliyemaliza ndio anatumiaga. Weka "turned out to be" ndani ya alama za kufunga na kufungua, pamoja na jina la injini na shida. Ama "fixed" ama "solved". Unaona majibu yanapungua, na yenye yamebaki yako na mwisho.

Ukipata watu watatu wenye hawajuani, nchi tofauti, wamefika kwa spea moja, hapo unaanza kuamini. Lakini cheki ka kweli hawajuani. Mara mob mmoja alisema, wengine wakakopi, na baada ya miaka uvumi umekuwa sheria.

Tarehe nayo usiiruke. Mse aliyeandika kuhusu GRX120 mwaka wa 2009 alikuwa na ndai ya miaka minne mitano. Mpira wa hosi zake ulikuwa bado laini, waya zake bado hazijakauka. Yako sahii iko karibu miaka ishirini, imeshabadilisha wenyewe, imeshalala Mombasa juani. Dalili moja, umri tofauti, kisa kinaweza kuwa tofauti kabisa. Kwa Google unaweza kuweka after:2018 ukapata wenye ndai zao zimezeeka ka yako. Na ukipata maelezo mazuri ya zamani yenye picha zote zimekuwa miraba mitupu, mara nyingi ni juu Photobucket walibadilisha masharti 2017 wakaanza kuitisha karibu dola 400 kwa mwaka ili picha zionekane kwa tovuti zingine, na maktaba nzima za kazi za magari zikazimika. Jaribu kuweka anwani ya huo ukurasa kwa Wayback Machine, yenye inahifadhi kurasa za zamani, saa zingine picha ziko.

Kuna mitego midogo ya nchi za wenyewe, niipitie haraka. "100k" ya Mmarekani ni maili, so kwako ni kilometa 160,000. "Driver side" yake ni kushoto, yako ni kulia. Ukinunua taa ama shafti kwa hiyo hesabu, umenunua ya upande ule mwingine. Petroli ya 87 ya Marekani inapimwa kwa hesabu ingine, kwa RON ni kama 91 ama 92, so usione 87 ukadhani ndai yako inakunywa chochote. Vita vyao na kutu ya chumvi ya barabara za baridi si vita vya Nai, labda uwe unaishi ufuoni. Vita vyetu ni vumbi na mashimo, filta za hewa na bushi, na ratiba ya Japani ya kubadilisha filta haikujua Kitengela.

Ndio maana, kwa maoni yangu, base kali za kusaka ziko kwa watu wenye wako na ndai zetu kabisa. Jamaika wananunua Fielder, Axio na Tiida za mtumba kutoka Japani, usukani kulia ka wetu, na wanaandika Kingereza. New Zealand wamejaza Fit, Demio na Subaru za Japani, na wanazifanyia ukaguzi wa mara kwa mara, so mafundi wao wanaandika kwa makini. Pakistani wanajua Vitz na Premio mpaka bolti ya mwisho. Ongeza jina la moja ya hizo nchi mwisho wa maneno yako uone tofauti.

Na kuna Japani kwenyewe. Wasee wengi wanaogopa hapo juu ya lugha, lakini simu yako inatafsiri. Andika shida yako kwa programu ya kutafsiri, kopi maneno ya Kijapani, yabandike mbele ya NZE141 ama GP5, tafuta. Wajapani wenye wanajirekebishia ndai wanaandikanga kilometa, namba ya spea na picha ya kila hatua. Ukikutana na mwaka umeandikwa H24, hiyo ni enzi ya Heisei: ongeza 1988 upate 2012. Ikiwa R2, hiyo ni Reiwa: ongeza 2018 upate 2020. Hesabu hiyo hiyo itakusaidia kwa karatasi ya mnada wakati unanunua, na kwa ile sheria yetu ya ndai isizidi miaka minane, mwaka mmoja unaweza kuwa kila kitu.

Kwa spea, namba ni mfalme. Toyota inaandikanga tano, kistari, tano, ka 90915-YZZE1 yenye ni filta ya oili. Ukienda Grogan na namba ya kampuni kwa simu, mazungumzo ni mafupi. Ukienda na "ile kitu ya huko chini ya Note", utafungiwa chenye kiko kwa shelfu. Kwa oili ya CVT kaza hata zaidi: Nissan za zamani kidogo zinataka NS-2, za baadaye NS-3, na Honda waliacha HMMF wakahamia HCF-2. Kuna wasee wanaweka ATF ya kawaida, ile oili ya gia otomatiki, kwa CVT juu rangi inafanana, na mkanda wa chuma huko ndani unaanza kuteleza. Jibu la hilo halifai kutoka kwa mtu yeyote mtandaoni. Liko kwa manyuali ya ndai, na manyuali unaisaka ukiandika jina la chuma alafu filetype:pdf.

Baada ya hiyo yote bado unaenda kwa fundi, na unafaa uende na heshima. Fundi wa Kariobangi Light amefungua injini zenye wewe umeona kwa kioo tu. Akishikilia pistoni anajua uzito wake. Wasee wengine wanafika na simu juu wakimwambia "Google imesema ni koili, badilisha." Hapo ameshafunga masikio, na ana haki. Mpe dalili, umuachie kazi ya kufikiria: "Fundi, niaje. Hii ni GRX120. Asubuhi ikiwa baridi inatetemeka, ikishika moto inatulia. Plagi ziliingia mwaka jana. Nimesoma hii injini inashikanga kaboni kwa valvu za juu. Unaonaje tucheki nini kwanza?" Fundi mzuri akisikia hivyo anainama. Anaweza kukuambia ni kaboni, anaweza kukuambia sikiza hapa, hewa inaingia kwa hii paipu imepasuka. Mtu ako na skio lake hapo kwa boneti anakuanga na haki kushinda ukurasa wenye uliandikwa Ohio. Ndai ikipona, rudi penye ulisoma uandike: jina la chuma, kilometa, nini haikusaidia, nini ilisaidia. Kuna mse Kisumu ama Arusha anasaka hiyo kitu usiku.

Kuna jambo moja lenye ningetaka usake hata ka ndai yako haina shida yoyote sahii. Eabegi za Takata. Hiyo kampuni ya Japani ilitengenezea karibu kampuni zote kubwa za magari, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru. Baruti ya ndani ilikuwa amonia naitreti, na nyingi hazikuwekewa dawa ya kunyonya unyevu. Joto na unyevu wa miaka mingi unaiharibu, na siku ya ajali, badala eabegi ifure, kile kikopo cha chuma kinalipuka na kurusha vipande kwa uso na shingo. Marekani peke yake rikoli ilifika zaidi ya eabegi milioni 60, na zaidi ya watu 20 wamekufa huko. Takata walifilisika Juni 2017, na mwaka wa 2018 Japani wakaanza kukataa kupitisha ukaguzi ndai zenye eabegi hatari hazijabadilishwa. Joto na unyevu wa miaka mingi: fikiria ndai imekaa Mombasa, Malindi, Lamu.

Kucheki ni bure. Toyota, Honda, Nissan, Subaru na Mazda kila mmoja ako na ukurasa wa rikoli Japani wenye unakubali hiyo chasisi yako fupi vile iko kwa logbuku. Simu itakutafsiria. Unaweka herufi za mbele, unaweka namba za nyuma, inakuambia nini kilikuwa na rikoli na ka kazi ilifanywa. Ikisema haijafanywa, piga skrinshoti, peleka kwa wakala wa kampuni huku, itisha jibu kwa maandishi. Na kabla ununue usukani wa ex-Japan wenye bado uko na eabegi yake ndani, uliza umetolewa kwa chasisi gani, uiweke kwa huo ukurasa hapo hapo dukani. Muuzaji akikosa kujua, mrudishie usukani wake.